Miezi mitatu, labda: gesti, chumba cha kupanga au kambi kwa anayehamia kikazi Nyanda za Juu Kusini

Mdogo wangu alinipigia Jumapili jioni. "Shikamoo dada. Nimepata kazi Mafinga, kwenye mashine ya kupasulia mbao. Naanza Jumatano." Nikamuuliza kazi ya muda gani. Akasema, "Miezi mitatu, labda." Ndipo likaja swali lenyewe: alale gesti, apange chumba, au akubali kitanda cha kambi alichoahidiwa na msimamizi?

Nilimwambia nitampigia kesho yake, kwa sababu jibu la papo hapo lingemponza. Huko kote nimeishi. Nililala gesti za stendi nilipokuwa natafuta maisha, nikapikia vibarua kambini misimu minne, nikapanga Iringa na Mbeya, na leo nina vyumba vitano vya kupangisha Uyole. Kodi nimelipa na kodi napokea. Niliyomwambia ndiyo haya, nimeongeza machache kwa ajili ya wengine ambao mabegi yao yako mlangoni.

Kilichonisumbua katika simu ile ni hilo neno "labda". Malazi yote ninayoyajua huku kwetu, ukiyachunguza, yanatofautiana kwa jambo moja: ile "labda" anaibeba nani. Kwenye gesti anaibeba mwenye gesti, chumba kinakubebesha wewe, na kambini unaibeba kwa namna nyingine ambayo wengi huigundua siku ya kufukuzwa kazi.

Gesti na chumba: hesabu ambayo watu hawaimalizi

Kwa kawaida mtu anasema hivi: gesti 10,000 kwa usiku, mara siku 30, ni 300,000. Chumba ni 40,000 kwa mwezi. Anacheka, anamtafuta dalali. Shida ni kwamba hakuna anayemuuzia mwezi mmoja. Mwenye nyumba anauza miezi sita, wengine mwaka mzima, na hela anaitaka kabla hujashusha godoro kwenye bajaji.

Tuchukue namba za mfano, wewe utaweka za mji wako. Kodi ya miezi sita kwa 40,000 ni 240,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Halafu chumba ni kuta nne na saruji. Unahitaji godoro, ndoo mbili, jiko, sufuria, pazia, kufuli (usiingie na kufuli la mpangaji aliyetoka, funguo zake hujui ziko wapi). Tuseme 150,000, na siku ya kuondoka ukiwauzia majirani utapata nusu. Kwa hiyo ukiondoka mwezi wa kwanza, au wa tatu, au wa tano, kilichokutoka ni kilekile: 240,000 na 40,000 na 75,000, jumla 355,000.

Upande wa gesti ongeza chakula, maana gesti hupiki. Chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana na usiku kwa mama ntilie, tuseme 5,000. Ukipika mwenyewe chumbani siku inakwenda kwa nusu yake. Basi usiku mmoja wa gesti, ukiulinganisha na chumba, hauna bei ya 10,000 iliyoandikwa mapokezi. Ni 12,500.

Gawanya 355,000 kwa 12,500. Unapata usiku 28 na kidogo. Ukijua utakaa wiki mbili au tatu, gesti ni nafuu, hata kama kila mtu kijiweni anakucheka. Kuanzia usiku wa 29, chumba kinashinda, na kwa miezi mitatu kinashinda kwa mbali sana: gesti ingekula 1,125,000.

Sasa angalia kitu ambacho nilichelewa sana kukiona. Wapangaji wakija kwangu wanabishana na bei. "Mama, punguza basi, iwe thelathini na tano." Nikikubali, ile jumla inashuka hadi 320,000, na mstari unasogea kutoka usiku wa 28 hadi wa 25. Siku tatu tu. Lakini mpangaji akiacha bei kama ilivyo, akaniomba alipe mwezi mmoja mmoja, na nikakubali, hela inayomtoka mwezi wa kwanza ni 40,000 ya kodi, 40,000 ya dalali na 75,000 ya vyombo: 155,000. Ugawanye tena: usiku 12. Chumba kinakuwa nafuu kuliko gesti kabla hata ya wiki mbili kuisha. Kwa hiyo pambana na miezi kwanza, bei baadaye. Hata ukiongezwa 5,000 kwa mwezi ili ulipe miwili miwili, kwa mtu mwenye kazi ya "labda" hiyo ni bima ya bei rahisi.

Kwa nini tunataka miezi sita

Wapangaji wanadhani ni roho mbaya. Ngoja niseme ukweli wa upande wetu.

Kila chumba changu kilinila karibu milioni nne: msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, bati, dirisha la nondo, mlango, fundi aliyekunywa hela ya mwanzo akapotea. Kwa 40,000 kwa mwezi napata 480,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya miaka minane kurudisha hela yangu, kama chumba hakitakaa kitupu hata siku moja na hakuna bati litakaloruka na upepo. Hakuna benki iliyonikopesha. Walionikopesha ni wapangaji. Kodi ya miezi sita ya vyumba viwili vya mwanzo ndiyo iliyoezeka cha tatu. Ni mkopo usio na riba, mpangaji ananipa na bado ananisalimia shikamoo asubuhi.

Ubaya ni kwamba huyo mpangaji naye hiyo 240,000 mara nyingi hana. Anaitoa wapi? Wenye bahati wanasubiri zamu yao kwenye mchezo wa kupeana. Wengine wanakwenda kwenye mikopo ya kausha damu, na riba ambayo mimi silipi analipa yeye kwa mtu mwingine. Nimewahi kumpoteza mpangaji mzuri kwa njia hiyo. Kodi alinilipa yote, lakini wakopeshaji walikuja wakachukua godoro na jiko la gesi, akarudi kwao Rungwe akaacha miezi minne imelipiwa. Tangu hapo vyumba viwili kati ya vitano natoa kwa mwezi mmoja mmoja, kwa 45,000. Haviwahi kukaa vitupu.

Kuna na jambo la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye umeme, na ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na ndiye anayeona uniti zimepungua. Kabla hujalipa kodi uliza: mita ni ya wangapi, nani ananunua mwanzo wa mwezi, na ile ya jengo inarudishwaje? Nyumba nyingi za uani wamewekeana submita, lakini submita haikati kodi ya jengo, inahesabu uniti tu. Ugomvi wa wapangaji ninaoamua mimi, nusu ni umeme, robo ni zamu ya kufagia choo, robo iliyobaki ni muziki.

Na ukijiuliza kwa nini karibu na stendi vyumba vya kupanga havipatikani, hesabu ni fupi. Chumba kilekile cha 40,000 kwa mwezi kikiwekwa shuka na ndoo ya maji ya moto kinaitwa gesti, na kikipata wageni usiku 15 tu kwa 10,000 kimeleta 150,000. Kuna mhudumu wa kulipa, sabuni, leseni na ushuru wa halmashauri, lakini bado kinazidi. Ndiyo maana ukitoka stendi ya Nane Nane pale Mbeya, au ukishuka Makambako njia panda, unaona vibao vya gesti na loji vimepangana, na vyumba vya wafanyakazi vinasukumwa pembeni kila mwaka.

Kusukumwa huko kuna gharama yake. Chumba cha 25,000 kule pembeni dhidi ya cha 40,000 karibu na kazi kinaonekana kuokoa 15,000. Ukipanda daladala kwenda na kurudi kwa 1,200, siku 26 za kazi, umelipa 31,200. Chumba cha mbali kina maana kwa anayetembea kwa miguu au mwenye baiskeli. Kwa mwingine ni kumpa konda kodi.

Kambi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kambi ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi.

Huku kwetu kambi si jambo geni. Babu zetu wa Njombe na Mbeya walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Huko mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, kitanda cha kambi na posho ya unga. Kitanda kilikuwa sehemu ya kumshikilia: aliyeacha kazi aliacha na pa kulala, nyumbani kukiwa mwendo wa siku nyingi. Baadaye kambi zikaja kwetu wenyewe. Chai ya Mufindi na Rungwe ilijengewa kota ndani ya mashamba. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliacha kota kwenye stesheni zake. Kiwanda cha karatasi kilipojengwa Mgololo, ndani kabisa ya misitu ya Mufindi, hapakuwa na mji wa kupanga chumba, hivyo na makazi ya wafanyakazi yakajengwa hukohuko.

Sababu ni moja popote: kazi iko mahali ambapo watu hawapo. Mwajiri anajenga kitanda kwa kuwa bila kitanda hapati mtu alfajiri. Ukielewa hilo, utajua pia ni lini kitanda cha kambi kitakuwa kizuri. Kikiwa mbali na mji na kazi ni ya kudumu, mwajiri anakihitaji kama wewe, na anakitunza. Kikiwa kilomita mbili kutoka Mafinga mjini na kazi ni ya msimu, kitanda hicho kimewekwa ili usitoroke na ili uitwe hata saa nane usiku lori likifika.

Je, kitanda cha bure kina thamani gani? Ipo sehemu ambayo serikali yenyewe ilikitia bei, na watu wachache wanaiangalia kwa jicho hilo. Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani wa kaya ya kawaida kuwa 120,000 kwa asiyeishi kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayeishi humo. Tofauti ni 60,000: kitanda, chakula, na kutokupanda daladala. Nusu ya mshahara. Amri ileile iliweka kilimo 140,000 kwa mwezi. Mchuma chai wa kima hicho akipanga chumba cha 40,000, zaidi ya robo ya mshahara imekwenda ukutani kabla hajala. Kwa hiyo anayeng'ang'ania kota ya shamba anajua anachofanya.

Lakini mwajiri akikwambia "malazi bure", muulize maswali matatu. La kwanza: je, wanaolala mjini wanalipwa sawa na wanaolala kambini? Kama wa mjini wanapata 2,000 zaidi kwa siku, basi kitanda si bure, unakilipia 52,000 kwa siku 26, na kwa hela hiyo chumba unapata. La pili: chakula kinakatwaje? Nilipokuwa napika kambini, kila sahani niliandika kwenye daftari, na siku ya malipo msimamizi alikata deni la chakula changu kwanza, kisha la duka la kambi, kisha kilichobaki ndiyo akapewa kibarua. Kuna kijana mwezi mmoja alitoka na 9,000. Alikuwa amevuta sigara za mkopo tu na kununua viatu vya mpira. Duka la kambi ni moja, bei yake anapanga mwenyewe. La tatu: kazi ikiisha Jumanne, nina usiku wangapi kitandani? Usikubali "tutaona".

Hilo la tatu ndilo "labda" ya kambi. Mwenye chumba akiachishwa kazi bado ana paa la kumkinga anapotafuta nyingine. Wa kambini anapoteza vyote asubuhi ileile. Nimewaona wameketi juu ya mabegi yao barabarani, magodoro yamefungwa kwa kamba ya katani, wanasubiri lori la kuwasogeza. Usiku wa kwanza wa mtu huyo ni gesti, tena hana hela ya gesti.

Machimboni ni hadithi nyingine. Chunya imechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, na mpaka leo kwa wachimbaji wadogo utaratibu ni kwamba mwenye shimo anakulisha na kukupa pa kulala, mara nyingi kibanda cha turubai au cha miti, na malipo yako ni mgao wa mifuko ya mawe yakipatikana. Yasipopatikana umekula na kulala, basi. Huko kupanga chumba kwa miezi sita ni kucheza kamari juu ya kamari. Wenye nyumba wa Makongolosi wanalijua hilo. Chukua kibanda, hifadhi vitu vya maana kwa mtu unayemwamini mjini, na ukipata mgao wa kwanza ndiyo ufikirie mlango wenye kufuli.

Mpunga wa Mbarali nao, kwa wanaokwenda kuvuna kwa wiki chache, hauna mjadala: lala shambani au changieni chumba Ubaruku wanne wanne.

Mama ntilie ndiye nusu ya nyumba

Nilisoma zamani kwamba Marekani na Uingereza, viwanda vilipokuwa vinakua, mfanyakazi alilipa mara moja kwa wiki kwa mama mwenye nyumba akapata kitanda, chai, chakula cha jioni na hata kufuliwa. Sisi hatuna nyumba za namna hiyo, au zipo chache sana. Huku kazi ile imegawanywa: mwenye nyumba anauza ukuta, mama ntilie anauza sahani, na anayefua ni dada wa mtaa wa pili kwa hela ya ndoo.

Nasema hivi kwa sababu anayechagua malazi husahau kuangalia chakula kiko umbali gani na kama kinakopesheka. Mama ntilie mwenye daftari karibu na chumba chako ana thamani kuliko silingibodi. Mwenye nyumba hasubiri tarehe 30, ila mama ntilie anasubiri, mradi unapita kumsalimia. Usimkimbie na deni. Miji yetu ni midogo, na kambi zinapigiana simu.

Baridi

Mtu wa Dar au Morogoro anapanda huku Juni na shuka moja. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete zaidi, na Juni hadi Agosti maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole. Ukiangalia chumba, tazama juu kwanza: bila silingibodi, bati linadondosha umande juu ya kitanda alfajiri. Chumba cha pembeni mwa nyumba kina baridi kuliko cha katikati. Blanketi zito si anasa, liweke kwenye ile 150,000 ya vyombo.

Na hili nalisema kwa ukali: usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani, mkaa umeshika vizuri, mtu anahisi usingizi mtamu, na asubuhi mlango unavunjwa. Yametokea mara nyingi mno huku kwetu. Kambini ni hatari zaidi kwa kuwa wanalala wengi na hakuna anayetaka kufungua dirisha.

Gesti kwenye baridi ina faida moja kubwa, maji ya moto. Hakikisha heater inafanya kazi kabla hujalipa, na bonyeza swichi mwenyewe. Usihofu kuandikwa kwenye kitabu cha wageni, jina, unakotoka, unakokwenda. Hofia gesti isiyo na kitabu. Ukikaa zaidi ya siku tano, ongea na mwenyewe, usiongee na mhudumu, na uombe bei ya wiki. Kipindi cha Nane Nane Mbeya usijaribu. Wiki ya kwanza ya Agosti, watu wa maonyesho ya Uyole wanajaza kila kitanda, na mimi mwenyewe nimeshapangisha sebule.

Kwa vyumba msimu mbaya ni pale wanafunzi wa vyuo wanaporudi, kuanzia Oktoba. Iringa ndiyo inayoumia zaidi kwa kuwa vyuo ni vingi kwa mji wa ukubwa ule. Mfanyakazi anayetafuta chumba siku hizo anashindana na wazazi waliokuja na kodi ya mwaka mkononi.

Geto na kwa ndugu

Kuchangia chumba wawili kunapunguza kila kitu kwa nusu, na kwa vijana ndilo jambo la kawaida. Tahadhari yangu ni moja: jina kwenye mkataba. Mwenzako akiondoka mwezi wa pili na jina ni lake, mimi mwenye nyumba sina habari na wewe. Andikeni majina mawili, mjumbe aone, na kiasi ambacho kila mmoja ametoa.

Kwa ndugu, mwezi mmoja. Peleka sukari na mchele siku ya kwanza, nunua umeme bila kuombwa, amka kabla ya shangazi. Ukifika mwezi wa pili bila tarehe ya kuhama, maneno yataanza jikoni, na undugu ule utauhitaji siku nyingine.

Nilichomwambia

Jumatatu nilimpigia. Nilimwambia namba za mfano zimesema chumba, kwa miezi mitatu hata ukilipa sita bado kina unafuu. Lakini akiachishwa wiki ya pili, gesti itakuwa imemla 175,000 na chumba 355,000. Hiyo tofauti ya 180,000 ndiyo bei ya kutojua. Kwa hiyo asinunue chumba kabla ya kuiona hela ya kwanza. Achukue kitanda cha kambi kama ameandikiwa atalala usiku mangapi baada ya kuachishwa, la sivyo gesti kwa bei ya wiki, mpaka siku ya malipo. Siku hiyo atajua mambo mawili: kama tajiri analipa, na kama mashine ina magogo ya kutosha. Watu wa mbao wanajua, mvua zikianza barabara za msituni zinafunga, na mashine nyingi zinalala. Miezi mitatu ya Septemba si sawa na miezi mitatu ya Desemba.

Akasema, "Na wewe dada ungekuwa mwenye nyumba wangu, ungenipa mwezi mmoja mmoja?"

Nikamwambia ningempa, kwa 45,000.

Alicheka. Msimamizi alikataa kumwandikia usiku wowote wa baada ya kazi, kwa hiyo kambi aliiacha. Alilala gesti siku tisa, akalipwa, kisha mama mmoja wa nyuma ya soko akampa chumba kwa miezi miwili miwili bila dalali, kwa sababu mama ntilie anayempikia mdogo wangu ni rafiki wa mama huyo. Jana amenitumia picha. Hakuna silingibodi. Blanketi nimelipeleka kwa basi la asubuhi, atalipokea stendi saa sita.